Geuza Kidani, Tazama Mgongo Wake

Leo nataka tuzungumzie vidani vya bangili, vile vidude vidogo vya moyo, ufunguo, nyota, twiga au herufi ya jina la mtoto, ambavyo mtu huvining'iniza kimoja kimoja kwenye bangili ya mnyororo hadi mkono unakuwa na kelele zake.

Desemba ikikaribia, watoto wetu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa na mifuko ya zawadi. Wanaobaki huku Ukambani nao hutafuta cha kuwapa. Kidani ni zawadi inayofaa: ni kidogo, hakiozi, hakivunjiki kwenye matatu, na kina maana kwa anayepewa. Ndiyo maana kwenye stendi zote, kuanzia Kitui mjini hadi Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Mombasa, utamkuta kijana ana ubao umejaa vitu vinavyometameta. Ukisimama tu, atakwambia: "Mwaitu, hii ni fedha orijino, tazama muhuri." Na kweli muhuri upo. Umeandikwa 925.

Tuanzie hapo kwenye muhuri, kwa sababu ndipo wengi wetu huliwa. Namba 925 maana yake ni kwamba katika kila sehemu elfu moja za madini hayo, sehemu 925 ni fedha halisi. Zilizobaki, aghalabu shaba nyekundu, huongezwa kwa kuwa fedha tupu ni laini mno kuvaliwa kila siku. Hicho ni kipimo cha haki, na masonara wa dunia nzima wanakijua. Lakini muhuri wenyewe ni kitu gani? Ni kipande cha chuma cha pua chenye namba, na nyundo. Anayeweza kutengeneza moyo bandia anaweza pia kutengeneza namba tatu bandia, tena hizo namba ni rahisi kuliko moyo. Kampuni ya Pandora ya Denmark, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1982 na kuanza kuuza bangili zake za vidani mwaka 2000, hupiga kwenye vidani vyake vya fedha herufi ALE, zinazotokana na jina la baba yake mwanzilishi. Leo herufi hizo ziko hata kwenye vidani vya bei ya soda. Kwa hiyo muhuri ukiwepo, usiamini bado. Usipokuwepo kabisa, na mwenye bidhaa anasema ni fedha, hapo muulize kwa nini.

Njia nyingine ya kumjaribu muuzaji haihitaji chombo chochote zaidi ya hesabu ya darasa la sita. Fedha ina bei yake duniani, hutangazwa kila siku kwa aunsi, na aunsi moja ya madini ya thamani ni gramu 31.1. Tafuta bei ya siku hiyo kwenye simu, igeuze iwe shilingi, igawe kwa 31.1, upate bei ya gramu moja. Kisha kadiria uzito wa kidani. Ikiwa anakuuzia kidani kizima, na kazi ya fundi ndani yake, na usafiri, na faida yake, kwa bei iliyo chini ya fedha ghafi iliyomo, basi fedha haimo. Hakuna mfanyabiashara wa soko la Kalundu wala wa kwingineko anayenunua shilingi mia akaiuza hamsini.

Lakini tuseme bei inaelekea. Sasa chukua kidani mkononi. Usitazame uso wake. Uso ndio uliong'arishwa ili uutazame. Kigeuze.

Kidani kilichotengenezwa kwa haraka kina mgongo wa aibu: bapa, una vishimo kama umeliwa na mchwa, na pembeni kuna mstari unaokizunguka mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Fundi mwenye heshima huukwangua mstari huo kwa tupa, halafu akausugua, japo anajua hakuna atakayeuona. Vingine huwa ni bati jembamba lililokandamizwa, ndani ni tupu. Ukikibana kidogo kwa kidole gumba kinabonyea. Tazama pia kingo na tundu, mahali panaposuguana. Kama ni shaba njano iliyopakwa fedha juu, hapo ndipo umanjano huanza kuchungulia, hata kwa bidhaa mpya, kwa sababu rangi haikai vizuri kwenye ncha.

Kisha njoo kwenye kile kipete kidogo kinachokishika kidani kwenye mnyororo. Hapa ndipo ningekuomba uchukue muda wako. Vidani vingi vilivyopotea havikuibwa, vilidondoka. Kipete kiliachwa wazi kwa upana wa unywele, kikanaswa na sweta au kiondo, kikafunguka, na moyo wa dhahabu ukabaki kwenye vumbi la sokoni Zombe. Pima hivi: chukua uzi wa kushonea, upitishe ndani ya kipete, uuvute ukizungusha pande zote. Uzi ukipata mahali pa kutokea, kipete hakikulehemiwa. Ni waya tu uliokunjwa. Uzi ukizunguka wote bila kutoka, na ukucha wako ukapita juu ya kiungo bila kukwama, fundi huyo alifanya kazi yake. Mimi kidani cha shaba chenye kipete kilicholehemiwa nakiweka mbele ya kidani cha fedha chenye kipete wazi, siku yoyote, na sijali muhuri unasemaje.

Na sisi wa huku tuna kila sababu ya kulijua jambo hili la viungo. Wakamba walikuwa mafundi wa mikufu kabla ya reli kufika. Waya wa shaba nyekundu na njano ulipandishwa kutoka pwani na misafara yetu wenyewe, misafara ya watu kama Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kitui ambaye mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Misafara iliteremka na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga na waya. Mafundi waliuvuta waya huo hadi ukawa mwembamba, wakaukata kuwa vipete vidogo vidogo, wakaviunganisha kuwa mikufu laini iliyouzwa hata kwa majirani. Mabaki ya waya yaligongwa kwenye viti vya miguu mitatu yakawa mapambo. Mkufu wa namna hiyo hauna uso wala mgongo, wote ni viungo. Kimoja kikilegea, kazi yote imeharibika. Nadhani masusu wetu, yaani bibi zetu, waliovaa mikufu hiyo wangetucheka tunavyonunua kwa kutazama mng'aro.

Wafanyabiashara hao hao walikuwa wakali vilevile kwa shanga. Karne ya 19 shanga za kioo nyingi zilitoka Venice, na kila nchi ya bara ilikuwa na rangi na ukubwa wake inaoutaka. Aliyebeba shanga zisizotakiwa alirudi nazo au akazitupa njiani. Leo, ukienda Emali ambako Mkamba na Mmaasai wanakutana sokoni, bado utakuta shanga za kioo zimechanganywa na za plastiki. Kuzitofautisha si kazi. Iguse shanga kwenye shavu: kioo ni baridi, na kinakaa baridi kwa muda, plastiki inapata joto mara moja. Igonge polepole kwenye jino: kioo kinalia kwa sauti kali, plastiki inatoa sauti butu. Muuzaji akikukataza kuigonga kwenye jino, ana haki yake, si usafi. Igonge kwenye kioo cha simu yako basi.

Turudi kwenye madini, kwa sababu najua kuna anayesubiri niseme habari ya sumaku. Ndiyo, beba sumaku. Ile ya spika mbovu inatosha, ila usivunje redio unayonisikilizia. Kidani kikirukia sumaku, si fedha, si shaba, si dhahabu. Ni chuma kilichopakwa. Lakini kisiporuka, hujajua kitu bado, maana shaba, aluminiamu, zinki, risasi na hata baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi na sumaku. Na tahadhari moja: kile kibanio cha kufungia bangili huwa na springi ya chuma ndani yake, hata kwenye bangili ya fedha safi. Kikivutwa kidogo, usimtukane muuzaji.

Kipimo kizuri zaidi ni maji, na mizani ndogo ya dijitali. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 21. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, kisha uishushe bangili majini kwa uzi, izame yote bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma namba ndogo. Kwa fedha ya 925 itasoma takribani 2. Kwa shaba njano itakaribia 2.5. Kwa aluminiamu, ile inayoyeyushwa kutoka kwenye sufuria chakavu, itasoma karibu 8. Kinachopimwa hapo ni nafasi ambayo madini yanachukua kulinganisha na uzito wake, na hilo hakuna rangi inayoweza kulificha. Kidani chenye mawe au kilicho tupu ndani kitakudanganya, kwa hiyo kipimo hiki ni cha vitu visivyo na uwazi ndani wala mawe.

Usidhani lakini kuwa kizito ndicho bora. Risasi ni nzito kuliko fedha. Na hapa nisikilize vizuri, hasa mama mwenye mtoto mchanga. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota kule Marekani, mtoto wa miaka minne alimeza kidani cha moyo kutoka kwenye bangili iliyotolewa bure pamoja na viatu vya Reebok. Akafa kwa sumu ya risasi. Kidani kilipopimwa kilikutwa ni risasi kwa asilimia 99, na bangili hizo, zipatazo laki tatu, zikarudishwa kutoka kwa wanunuzi. Juu kilikuwa kinang'aa kama kingine chochote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kidani kizito kupita kiasi, laini, kinachopindika kwa vidole au kuacha alama ya kijivu ukikichora kwenye karatasi, usimpe mtoto. Kwa kweli, mtoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni usimpe kidani cha aina yoyote usichokijua kilikotoka. Nikeli nayo haiui, lakini huwasha. Ukivaa bangili ukapata upele pale inapogusa ngozi, ivue, usitafute aliyekuroga. Ule ukijani unaobaki kwenye mkono ni shaba na jasho tu, unaoshwa.

Sasa kuna jambo linalowakera mafundi wetu, nalo ni lile la kudhani kwamba kitu halisi lazima kiwe fedha au kitoke ng'ambo. Kwenye vibanda vya jua kali mafundi huyeyusha mifereji ya zamani na kufuli mbovu, wakapata shaba njano, wakaimimina kwenye kalibu ya mchanga, wakatoa kidani cha twiga kinachosimama imara. Huyo twiga ni halisi kabisa. Ni shaba, na fundi akisema ni shaba, hajakudanganya. Tatizo huanza akisema ni dhahabu.

Kwenye mbao ni vivyo hivyo. Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kuja Kitui, ndiko uchongaji wa Kikamba wa kisasa unakohesabiwa kuanzia, na jina linalotajwa ni Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu hapo mpingo umekuwa na soko, na penye soko pana kiwi ya viatu. Kipande cha mti mwepesi hupakwa weusi, kikauzwa kama mpingo. Kilowanishe kitambaa cheupe, usugue. Kikitoka cheusi, umejua. Kitie majini: mpingo unazama, mti mwepesi unaelea. Na tazama kama kuna ukingo wa rangi ya maziwa au manjano mahali fulani. Wengi hudhani hiyo ni kasoro. Ni ule mti wa nje wa mpingo wenyewe, na fundi mwongo mara nyingi husahau kuuiga. Ila hata mwarobaini na mwembe vinachongeka vizuri, vinakua upesi, na mpingo umekatwa sana. Kidani cha mwembe kinachoitwa mwembe mimi nakipokea kwa mikono miwili.

Mfupa je? Kidani cha mfupa wa ng'ombe kina vidoadoa na vistari vidogo, kama vimechorwa kwa kalamu ya ncha kali. Hiyo ni njia ya damu iliyokuwa ndani ya mfupa. Kisichokuwa na doa lolote, kikawa cheupe sawasawa kila upande, huenda ni plastiki. Lakini kikiwa na mistari miembamba inayopishana kama wavu kwenye ncha iliyokatwa, kirudishe mezani uondoke. Hiyo huweza kuwa pembe ya ndovu. Hapa ndipo kidani halisi kinapokuwa kibaya kuliko bandia. Sisi tunapakana na Tsavo, tunajua ndovu ni nini na tunajua akivunja ghala ni hasara gani, lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha: kukutwa na kipande cha pembe, hata kidogo cha kuning'inia mkononi, bila kibali, ni kesi nzito. Serikali iliteketeza tani 105 za pembe katika Mbuga ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016. Ukucha wa simba na gamba la kakakuona ni hadithi hiyo hiyo.

Nimeulizwa pia kuhusu sarafu za zamani zinazouzwa kama vidani. Ndururu na senti kumi za enzi ya Mkoloni zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo zilivaliwa hata zamani bila kutobolewa. Nyingi kati ya zile za kweli ni za shaba nyeusi-nyeusi, zina pembe za ndovu zilizopinda zikizunguka tundu, maandishi EAST AFRICA yanasomeka, na kingo za tundu ni laini kwa kuchakaa. Tundu lenye kingo kali kwenye sarafu iliyochakaa uso ni la juzi. Shilingi yenye simba mbele ya milima inauzwa kwa maneno makubwa, kwamba ni fedha tupu. Sivyo. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na zile za 1948 na baadaye hazina fedha hata kidogo. Soma mwaka kabla ya kutoa pesa. Kuna sarafu moja ambayo mwaka haukusaidii: riale ya Maria Theresa, ambayo masonara wa pwani na wa Omani waliiyeyusha kwa vizazi. Ina gramu 28 na fedha sehemu 833 kwa elfu, na zote zimeandikwa 1780, hata iliyopigwa Vienna miaka ya karibuni. Mwaka wa uongo, fedha ya kweli.

Ukishanunua, omba risiti iliyoandikwa kitu chenyewe: "kidani cha fedha 925", siyo "mapambo" tu. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya habari kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo. Lakini afisa hawezi kukusaidia kwa neno la mdomo lililosemwa stendi saa kumi na mbili jioni. Muuzaji akikataa kuandika alichotoka kukuapia, amekwisha kukujibu.

Na kwenu mafundi wa Kitui na Makueni, nina ombi. Mnatengeneza twiga, mnatengeneza kobe, mnalehemu vipete vizuri kuliko vinavyokuja kwa kontena, halafu mnaviuza bila jina, vinachanganywa kwenye ubao mmoja na takataka za bati. Tengenezeni alama yenu. Herufi mbili zinatosha, zilizokatwa kwenye ncha ya msumari mgumu. Igongeni mgongoni mwa kidani, pembeni mwa jina la madini: shaba ikiwa shaba, fedha ikiwa fedha. Mteja akipata tatizo, ajue pa kuwarudishia. Akipenda, ajue pa kuagizia vingine. Anzeni na vidani mtakavyopeleka sokoni wiki hii.